Nyimbo Tofauti, Jina Moja: Mbona Hakuna Anayeshtakiwa?

Msanii akitoa ngoma yenye jina ambalo mwenzake alishalitumia, siku hiyo hiyo kelele zinaanza. Mara ameiba, mara ubunifu umemwishia, mara yule wa kwanza aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, akadai chake, na wanaosema hivyo wala hawatanii, wanaamini kabisa kwamba jina la wimbo ni kama namba ya gari, ukishapewa wewe basi wengine wote marufuku. Sio hivyo. Jina la wimbo peke yake, karibu kote duniani, halina mwenyewe, na kuna vituko vingi vimetokea kwa sababu hiyo, vingine vya kuchekesha na kimoja cha kusikitisha sana ambacho nitakifikia mbele.

Shida ni kwamba watu wanachanganya mambo matatu. Kuna nyimbo tofauti kabisa ambazo zimekutana jina tu. Kuna wimbo mmoja ambao umeimbwa na watu kumi, kila mtu na rekodi yake, jina ni lile lile kwa sababu wimbo ni ule ule. Alafu kuna wimbo mmoja unaotembea na majina matatu, ukiusikia leo hujui kama ndo ule wa babu yako. Hilo la kwanza halina hela ya kudaiana, la pili lina hela, la tatu lina hela na vilio.

Tuanze na la kwanza, na mfano mzuri kuliko yote ni The Power of Love, sababu hapo mambo yalifika pabaya. Novemba 1984 kundi la Liverpool linaitwa Frankie Goes to Hollywood lilitoa wimbo wa jina hilo, polepole, una vinanda vya huzuni, video yake ina Yosefu na Mariamu na mamajusi, ukashika namba moja Uingereza wiki moja ya Desemba kabla haujang'olewa na ule wimbo wa Band Aid wa kuchangia njaa ya Ethiopia. Sawa. Mwezi huo huo wa Desemba kule Ujerumani mdada wa Kimarekani, Jennifer Rush, mzaliwa wa New York aliyekuwa anafanyia kazi zake Frankfurt, naye akatoa The Power of Love, hakuna hata mstari mmoja unaofanana na ule wa kina Frankie. Uingereza wake uliingia katikati ya 1985, ukapanda taratibu kama hautaki, Oktoba ukafika namba moja ukakaa wiki 5, na mwaka ulipoisha ndo ukawa singo iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka ule. Jennifer Rush akawa mwanamke wa kwanza anayeimba peke yake kuuza singo zaidi ya milioni moja nchini humo.

Na hapo katikati kuna wa tatu! Huey Lewis and the News, jamaa wa upande wa San Francisco, waliandika The Power of Love kwa ajili ya filamu ya Back to the Future, huo sasa ni wa kuruka ruka, gitaa na tarumbeta, Agosti 1985 ukawa namba moja Marekani, ukateuliwa mpaka Oscar (ukapigwa na Say You, Say Me ya Lionel Richie). Ndani ya filamu yenyewe Huey Lewis anatokea kidogo tu amevaa miwani kama mwalimu, anamkatisha Marty, yule kijana mhusika mkuu, na bendi yake wakiwa wanaupiga wimbo huo huo, anawaambia kelele zimezidi. Kwa hiyo ndani ya muda usiofika hata mwaka mmoja chati za Uingereza zimepitiwa na nyimbo tatu, watunzi tofauti, midundo tofauti, jina moja, na hakuna hata mmoja aliyempeleka mwenzake mahakamani. Wangeshtakiana kwa lipi?

Sasa mtu wa Dar au Mombasa atasema mbona mimi Power of Love ninayoijua ni ya Celine Dion. Ndio, na hapo ndo tumeingia kwenye lile jambo la pili bila kujua. Celine hakutunga wimbo wa nne, alirudia ule wa Jennifer Rush, rekodi yake ikatoka 1993 na mwanzoni mwa 1994 ikawa namba moja Marekani, mahali ambapo Rush mwenyewe aliishia namba 57. Kila Celine anapopigwa redioni, kwenye harusi au kwenye basi la usiku la kwenda mkoani, watunzi wanaotakiwa kupata mirabaha ni Jennifer Rush na wenzake watatu alioandika nao, sio kina Frankie, sio kina Huey. Celine na kampuni yake wanapata ya rekodi. Hizo ni hela mbili tofauti, ya utunzi na ya rekodi, na ukishazitenganisha hizi kichwani nusu ya ubishi wote umeisha.

Kabla ya Celine kuna Air Supply, hao walirudia ule ule wa Rush mwaka 1985, ila wao walikuwa wajanja wakaongeza maneno kwenye mabano mwishoni mwa jina ili mtu asiuchanganye na wa Huey Lewis uliokuwa unawaka redioni wakati huo. Na ule wa Frankie nao una warithi wake, mwaka 2012 binti wa Kiingereza Gabrielle Aplin aliurudia kwa ajili ya tangazo la Krismasi la maduka ya John Lewis ukarudi namba moja tena. Fikiria DJ kijana wa harusini ameambiwa bibi harusi anataka Power of Love ya kufungulia muziki, anaandika jina kwenye laptop, zinatokea rekodi nane za nyimbo tatu, anabonyeza ya juu, linaingia gitaa la Huey Lewis, na bwana harusi kasimama katikati ya ukumbi na mikono yake hewani hajui aanze kuruka au akumbatie mtu.

Sheria inasemaje. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani inasema wazi kabisa kwamba majina, vichwa vya kazi na maneno mafupi havilindwi na hakimiliki, hawakusajilii hata ukilipa. Kwa upande wa Uingereza, ambako sheria zetu za Afrika Mashariki zina ukoo, kuna kesi ya zamani tamu sana. Mwaka 1892 kumbi za starehe za London zilikuwa na wimbo uliovuma unaitwa The Man Who Broke the Bank at Monte Carlo, unamhusu jamaa aliyeifilisi meza ya kamari. Mwaka 1935 Twentieth Century-Fox wakatoa filamu, wakaipa jina hilo hilo, neno kwa neno. Wenye wimbo, Francis, Day and Hunter, wakashtaki kule Kanada, kesi ikapanda mpaka Privy Council London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni na nchi za himaya ya Uingereza wakati ule, na mwishoni mwa miaka ya 1930 wakaambiwa samahani, jina peke yake halitoshi kuwa kazi ya fasihi ya kulindwa, kachukueni nauli mrudi nyumbani. Jina lile ni refu, lina maneno tisa, linasimulia kisa kizima, na bado lilianguka. Sasa wewe uje na neno moja la "Nakupenda" uzuie nchi nzima?

Ufaransa wao wana ya kwao. Sheria yao inasema jina la kazi likiwa na ubunifu wake wa kipekee linalindwa kama kazi yenyewe. Kwa hiyo ukiwa na jina la ajabu ajabu ambalo hakuna mtu angeliwaza, Paris unaweza ukasikilizwa. Lakini hata huko jina la "Mama" au "Upendo" hawatakupa.

Ila usifurahi sana ukaenda kuita wimbo wako jina la ngoma inayotamba, ukaweka kava la picha linalofanana, ukaandika jina la msanii mwenye herufi moja tofauti ili watu wabonyeze kwa bahati mbaya. Hapo hushtakiwi kwa jina, unashtakiwa kwa kuwadanganya wanunuzi kwamba bidhaa yako ni ya mwenzako, na hiyo ni kesi nyingine kabisa, ina meno.

Alafu kuna alama ya biashara, ambayo ndo iliyowachanganya watu kwenye sakata la Hakuna Matata. Watalii waliyasikia sana maneno hayo kupitia Jambo Bwana ya Them Mushrooms, bendi ya Kenya, ilitoka 1982, wimbo ambao kila hoteli ya pwani kuanzia Malindi mpaka Zanzibar unapigwa mgeni hajamaliza hata juisi yake ya kukaribishwa. Mwaka uliofuata Boney M nao wakatoa toleo lao, maneno Hakuna Matata yakiwa kwenye jina. 1994 ikaja The Lion King na Hakuna Matata nyingine, muziki wa Elton John, maneno ya Tim Rice, wimbo mpya kabisa usio na undugu na ule wa Mombasa zaidi ya hayo maneno mawili. Wote hawa hakuna aliyevunja sheria kwa kutumia jina. Kelele zilikuja mwishoni mwa 2018 watu walipogundua kwamba Disney walikuwa wamesajili maneno hayo Marekani kama alama ya biashara kwa upande wa nguo, ikaanzishwa petisheni, maelfu kwa maelfu wakasaini, na hasira ilikuwa ya haki kwa maoni yangu, kuchukua maneno ambayo bibi yangu anayasema kila siku na kuyapigia muhuri kwenye tisheti ni ukosefu wa adabu. Lakini wengi walielewa vibaya kwamba sasa ukiimba hakuna matata utadaiwa. Hapana. Alama ile ilihusu kuuza nguo, sio kuimba, na Them Mushrooms hawakuhitaji ruhusa ya mtu.

Wasanii wenyewe, sheria au hakuna sheria, huwa wanakimbiana kwa sababu ya biashara tu. The Pointer Sisters walikuwa na wimbo unaitwa Jump kwenye albamu yao ya Break Out, lakini 1984 Van Halen wakatoa Jump yao ikawa namba moja Marekani wiki 5, basi wadada wakauongezea mabano ukawa Jump (For My Love), na ndo jina mpaka leo. Kris Kross walipotoa Jump nyingine mwaka 1992 wala hawakujisumbua na mabano, wakakaa namba moja wiki 8. Stay ndo usiseme. Maurice Williams and the Zodiacs walishika namba moja Marekani 1960 na Stay ya dakika moja na nusu na kidogo tu, ni wimbo mfupi kuliko zote zilizowahi kushika namba moja kule. Lisa Loeb akashika 1994 na Stay (I Missed You), mabano hayo tena. The Kid LAROI na Justin Bieber wakashika 2021. Hapo sijamtaja Rihanna, wala Shakespears Sister waliokaa wiki 8 kileleni Uingereza 1992. Maneno mafupi ya Kiingereza yenye hisia yako machache na watunzi ni wengi, hesabu yenyewe inakataa, na kwetu ni hivyo hivyo, chukua neno lolote la mapenzi la silabi tatu nne, Bongo Fleva pekee utakuta limetumika mara kibao.

Sasa kompyuta inajuaje nani alipwe, maana Spotify haina masikio ya kujua wewe unamaanisha Stay ipi. Jibu ni namba. Utunzi una namba yake inaitwa ISWC, inaanza na herufi T alafu tarakimu 9 na moja ya kuhakiki. Rekodi nayo ina namba yake inaitwa ISRC, ina herufi na tarakimu, jumla 12, mwanzoni kuna herufi mbili za eneo ilikotolewa namba, na usishangae ukikuta ngoma iliyorekodiwa Sinza inaanza na QZ, hiyo ni ya Marekani, ina maana msambazaji wake ndo aliyeipa namba. Chukua Number One ya Diamond Platnumz ya 2013 na ile rimiksi aliyofanya na Davido, hizo ni rekodi mbili, kila moja na ISRC yake na hesabu yake ya wasikilizaji. Rudi kwa Celine na Rush, ISRC mbalimbali, ISWC moja. Celine na Huey Lewis, hawashei chochote, jina tu. Kwa hiyo jina la wimbo kwenye mfumo wa malipo ni kama halipo, lipo kwa ajili ya macho yetu.

Ndo maana Malaika inavuruga watu. Ukisema Malaika, wa miaka 60 kwenda juu anasikia ule wa Fadhili William, Mkenya, ambaye ndiye anayetajwa mara nyingi kama mtunzi na aliyeurekodi miaka ya mwanzo ya 1960. Miriam Makeba akautembeza duniani, 1965 yeye na Harry Belafonte wakauweka kwenye albamu yao ukiwa umeandikwa kwanza kwa jina la Kiingereza, My Angel, Boney M wakaufanya 1981, Angelique Kidjo 1991. Wimbo mmoja, rekodi nyingi. Kijana wa Nairobi ukimwambia Malaika anakuwekea ya Nyashinski ya 2017, ambayo ni wimbo mwingine, utunzi mwingine, na imefungulia harusi nyingi tu zake. Nyashinski hadaiwi hata shilingi na warithi wa Fadhili, na hakuna cha kumsema. Ugomvi halisi wa Malaika uko kwenye ule wa zamani, kwamba nani aliutunga, maana Tanzania watu watakutajia Adam Salim, Mombasa wapo wanaomtaja Lucas Tututu, na ugomvi huo ni mzito kwa sababu ni wa utunzi na anayeandikwa kama mtunzi ndiye anayetumiwa hundi.

Nilisema kuna kisa cha kusikitisha. Mwaka 1939 Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi wimbo wa Kizulu unaitwa Mbube, yaani simba, studio za Gallo. Linda alipewa vijisenti akaachia haki zake. Santuri ikafika Marekani, kundi la The Weavers wakausikiliza, hawakuelewa waimbaji wanasema nini, wakauandika walivyosikia wao, ukaitwa Wimoweh. 1961 The Tokens wakauimba ukiwa umeongezewa maneno ya Kiingereza, ukaitwa The Lion Sleeps Tonight, namba moja Marekani. Ona sasa, jina la tatu, mtunzi aliyeandikwa ni mwingine, lakini ule mlio wa juu kabisa ambao kila mtu duniani anaujua ni wa Linda, aliutoa kooni mwake 1939. Linda alikufa 1962, maskini. Wimbo ukaingia mpaka kwenye The Lion King, filamu ile ile ya Hakuna Matata, Timon na Pumbaa wanauimba wakiwa wanatembea msituni. Mwaka 2004 familia yake ilifungua kesi Afrika Kusini dhidi ya Disney, na 2006 wakafikia makubaliano na kampuni iliyokuwa inashika haki za wimbo, watoto wake wakaanza kulipwa.

Na hii ndo sababu mimi ule ubishi wa "kaiba jina" naona unapoteza muda wa watu, maana wizi wenyewe ukitokea huwa jina limebadilishwa. George Harrison alitoa My Sweet Lord 1970, kundi la The Chiffons lilikuwa na He's So Fine tangu 1963, majina hayakutani hata kwa neno moja, na 1976 mahakama Marekani ikasema melodi ni ile ile, amekopi hata kama hakukusudia, akatakiwa alipe. Waka Waka ya Shakira ya Kombe la Dunia 2010, kiitikio chake kilishaimbwa Kameruni na Golden Sounds miaka ya 1980 kikiwa na jina la Zangaléwa, na wenyewe waliposikia walibisha hodi wakaelewana.

Kwa hiyo kama wewe ni msanii na umepata jina tamu ukakuta lishatumika, litumie. Cheki tu kwanza kwenye simu lipo kwa nani, kama ni kwa mtu mkubwa ambaye ngoma yake bado ya moto utazikwa chini ya matokeo yake hata mama yako hatakupata, hapo weka mabano au geuza kidogo. Ila unapojaza fomu ya kusajili, iwe COSOTA, KECOBO (ya Kenya) au kwa msambazaji wako, ile sehemu ya jina la wimbo jaza haraka haraka, alafu tulia kwenye sehemu ya watunzi, andika majina kamili ya kila aliyetia mstari au melodi, sio a.k.a, na asilimia ya kila mtu mkubaliane mkiwa bado studio, kabla wimbo haujatoka, kwa sababu ukishahiti kila aliyekuwa amekaa kwenye kochi siku ile atakumbuka kwamba kile kiitikio ni yeye aliyekisema.